UMRI WA MIAMBA YA MASISI NA WALIKALE: HISTORIA YA SWALI LA MGONGANO WA MABARA

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Goma kuelekea magharibi hukanyaga kwanza mawe meusi ya volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira. Mawe hayo ni machanga mno. Mengine yalimiminika yakiwa moto mbele ya macho ya wakazi wa Goma mwaka 2002, na tena mwaka 2021. Lakini kadiri njia inavyopanda milima ya Masisi na kisha kuteremka kuelekea misitu ya Walikale, mawe meusi hupungua na miamba ya namna nyingine hujitokeza: miamba ya tabaka jembamba ing'aayo kwa ulanga, mishipa myeupe ya kwatsi, na matale ya rangi ya kijivu. Kati ya jiwe la Goma na jiwe la Walikale pana safari ya siku moja au mbili kwa gari, njia ikipitika. Kwa hesabu ya wakati, umbali huo ni zaidi ya miaka bilioni moja.

Miamba hiyo ya kale aghalabu ni metamofiki, yaani iliyogeuzwa na joto na shinikizo pasipo kuyeyuka ikaisha. Hapo mwanzo ilikuwa matope, mchanga au mawe ya moto. Kisha ikazama chini ya ardhi, ikakunjwa, ikapikwa, na hatimaye ikarudishwa juu na mmomonyoko wa muda mrefu. Ni nguvu gani iliyoikunja? Jibu lililotolewa mara nyingi ni mgongano wa mabara. Makala haya yanafuatilia historia ya jibu hilo: jinsi lilivyopatikana, jinsi lilivyotiliwa shaka, na kwa nini shaka hiyo ina maana kwa watu waishio juu ya miamba yenyewe.

2.0 Saa Iliyomo Ndani ya Jiwe

Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, wataalamu waliweza kusema kuwa mwamba huu ni mkubwa kwa umri kuliko ule, lakini hawakuweza kutaja idadi ya miaka. Miamba ya kale kabisa, isiyo na visukuku vya wanyama wala mimea, ilikuwa kama kitabu kisicho na namba za kurasa. Hali hiyo ilibadilika baada ya kugunduliwa unururifu. Mwaka 1907 Bertram Boltwood wa Marekani alionyesha kuwa urani hugeuka polepole kuwa risasi, na kwamba uwiano wa vitu hivyo viwili ndani ya madini unaweza kutumiwa kukadiria umri. Mwaka 1911 Mwingereza kijana, Arthur Holmes, alichapisha hesabu zake za kwanza kwa mbinu hiyo. Mwaka huohuo alisafiri kwenda Msumbiji kutafuta madini kwa niaba ya kampuni. Alirudi na malaria, pamoja na hamu ya kuielewa miamba ya Afrika ambayo haikumtoka maisha yake yote.

Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuingia katika elimu hiyo mpya. Mwaka 1906 Mjerumani Willy Marckwald alieleza madini ya urani yaliyotoka milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, akayapa jina la mwanafizikia Rutherford. Baadaye urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilipimwa pia ili kujua umri wa miamba iliyoizunguka. Hivyo basi, bara hili liliipatia elimu ya umri wa dunia baadhi ya vipande vyake vya mwanzo vya ushahidi.

Kanuni yenyewe si ngumu kueleweka. Atomi za urani zenye uzito wa 238 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.5 hivi na kuacha risasi yenye uzito wa 206. Zile zenye uzito wa 235 hupungua nusu kila baada ya miaka milioni 704 na kuacha risasi yenye uzito wa 207. Punje ndogo za madini ya zirkoni, zipatikanazo katika matale mengi, hupokea urani zinapoumbika lakini huikataa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa humo leo karibu yote imezaliwa humohumo. Isitoshe, kila punje ina saa mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na saa moja hutumika kuikagua nyingine.

Tatizo huja pale mwamba unapogeuzwa. Gesi ya agoni, ambayo hutumika katika mbinu nyingine ya upimaji, hutoroka kutoka katika ulanga mweusi kwa joto la nyuzi 300 hivi, na saa ikaanza upya. Zirkoni huvumilia joto kubwa zaidi sana, lakini nayo huweza kuota gamba jipya juu ya kiini cha zamani. Mwamba metamofiki basi unafanana na nyumba ya mawe ya mwambao iliyopakwa lipu mara kadhaa: anayepima lipu hupata umri wa fundi wa mwisho, na anayepima ukuta hupata umri wa mwashi wa kwanza. Wote wawili husema kweli, lakini hawazungumzii tukio moja. Kutoelewana kwingi kutakakoelezwa hapa chini kulianzia hapo.

3.0 Majina Yaliyofuata Mipaka

Kabla ya kupimwa, miamba ilipewa majina, na majina hayo yalifuata ramani za wakoloni. Mpaka wa eneo la Kivu ulikubaliwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza mjini Brussels mwaka 1910. Tangu hapo kila upande ulikuwa na wapimaji wake. Katika Kongo ya Wabelgiji, jina lililoenea lilikuwa Kibara, lililochukuliwa kutoka milima ya Kibara huko Katanga, mamia ya kilomita kusini mwa Masisi. Katika Uganda na Tanganyika, miamba iliyofanana nayo iliitwa ya Karagwe na Ankole. Katika Burundi na Rwanda iliitwa ya Burundi. Na miamba ya chini yake, iliyokuwa imegeuzwa zaidi, ilipewa jina la mto Ruzizi utokao Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika.

Jina si jambo dogo. Miamba ya Kivu ilipoitwa ya Kibara, ilichukuliwa pia kuwa na historia ya Kibara. Ilidhaniwa kuwa ukanda mmoja wa milima ulianzia Katanga, ukapita Kivu, Burundi na Rwanda, ukaishia kusini-magharibi mwa Uganda, na kwamba ukanda huo wote ulikunjwa katika tukio moja. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, lakini ilitangulia ushahidi.

4.0 Cahen na Ukanda Mmoja

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kuipatia Kongo kalenda ya miamba ni Lucien Cahen, aliyeliongoza Jumba la Makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, kuanzia mwaka 1958 hadi 1977. Kitabu chake kuhusu jiolojia ya Kongo kilitoka mwaka 1954. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 alishirikiana na Holmes kukusanya umri wote uliokwisha kupimwa barani Afrika. Mwaka 1966, yeye na Norman Snelling walitoa kitabu juu ya umri wa miamba ya Afrika ya Ikweta. Mwaka 1984 kilifuata kitabu kikubwa zaidi kuhusu bara zima, miaka miwili baada ya Cahen kufariki.

Picha iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa ya kueleweka na ilidumu. Matale mengi ya ukanda wa Kibara yalionekana kuwa na umri wa takribani miaka milioni 1,300. Matale mengine, yaliyoandamana na bati, yalikuwa machanga zaidi na yalikaribia miaka bilioni moja. Tukio la kwanza liliitwa ujenzi wa milima ya Kibara, na la pili likachukuliwa kuwa mwangwi wake wa mwisho. Ikumbukwe kuwa sehemu kubwa ya umri huo ilipimwa kwa rubidi na strontiamu katika vipande vizima vya mwamba. Mbinu hiyo ilikuwa bora kwa wakati wake, lakini iliweza kuchanganya lipu na ukuta katika hesabu moja.

Nadharia ya mabamba ya gandadunia ilipokubalika mwishoni mwa miaka ya 1960, swali lilibadilika sura. Haikutosha tena kusema kuwa milima ilijengwa. Ilipasa kusema ni mabamba gani yaliyokutana, na bahari gani ilifungwa baina yake.

5.0 Je, Paligongana Nini na Nini?

Jibu la wazi kabisa lilitolewa na wanajiolojia wa Kizaire. Mwaka 1986 A. B. Kampunzu, B. T. Rumvegeri na wenzao walichapisha makala iliyoiita milima ya Kibara ya Afrika ya kati na mashariki kuwa mlolongo wa mgongano. Kwa maoni yao, bara la upande wa Kongo na bara la upande wa Tanzania yalikaribiana, yakafunga bahari, na kukunja mashapo yaliyokuwa katikati. Mwaka uliofuata Rumvegeri aliandika tasnifu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, juu ya miamba ya kale ya magharibi mwa Ziwa Kivu. Kwa kazi hiyo, upande huo wa ziwa haukuwa tena pembe ya ramani iliyojazwa kwa kukisia kutoka Katanga au Burundi.

Upande wa pili walisimama J. Klerkx na wenzake. Mwaka 1987 walieleza kuwa sehemu ya kaskazini ya ukanda haikuwa bahari iliyofungwa bali bonde lililopanuka ndani ya bara lililokwisha kuungana. Hoja yao ilikuwa hii: mahali penye mgongano wa kweli hapana budi pawe na masalia ya sakafu ya bahari, au miamba iliyozamishwa kwenye kina cha shinikizo kubwa mno. Masalia ya namna hiyo, yasiyobishaniwa, hayakuwa yameonekana kaskazini mwa ukanda.

Ili kuipima hoja hiyo inafaa kutazama Tanzania, ambako ushahidi wa namna hiyo upo. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walitangaza kuwa katika ukanda wa Usagara kuna eklojiti, mwamba mzito wenye ganeti, ulioanza kama sakafu ya bahari na kuzamishwa chini ya bara miaka bilioni 2 hivi iliyopita. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walieleza eklojiti za ukanda wa Ubende zenye umri wa karibu miaka milioni 1,880, wakaonyesha pia kuwa ukanda huo ulipitia mizunguko mitatu ya ujenzi wa milima. Kwa upande wa mashariki, kuanzia Msumbiji kupitia Tanzania hadi Kenya, kuna ukanda ambao Holmes aliupa jina la Msumbiji mwaka 1951. Miamba yake ilipikwa chini sana ya ardhi miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Mwaka 1994 Robert Stern aliufafanua ukanda huo kuwa ni kovu la mgongano mkubwa wa mabara. Mgongano, basi, unapotokea huacha alama zinazoweza kutafutwa na kuonekana.

Vyombo vipya ndivyo vilivyoisogeza mbele hoja ya Kivu. Huko Canberra, Australia, kundi la William Compston lilikuwa limeunda mashine iwezayo kulenga miali ya ioni kwenye doa dogo la punje ya zirkoni, hivyo kupima kiini mbali na gamba mbali. Kwa mbinu hiyo Luc Tack na wenzake walipima upya miamba ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Matale makuu, na pia miamba myeusi yenye nikeli ya mstari wa Kabanga na Musongati, yalikuwa na umri mmoja: takribani miaka milioni 1,375. Matale yaliyotokana na mashapo yaliyoyeyuka na miamba iliyopanda kutoka chini ya gandadunia yaliingia wakati mmoja. Wao walisema kuwa hiyo ni alama ya bara lililokuwa likivutwa na kupashwa joto kutoka chini, wala si ya mabara yaliyogongana. Mkunjo mkuu, kwa maoni yao, ulikuja baadaye sana, karibu na miaka bilioni moja iliyopita, wakati mabara ya dunia yalipokuwa yakiungana kuwa bara kuu liitwalo Rodinia. Tale la bati walilolipima lilikuwa na miaka milioni 986 hivi.

Walipendekeza pia jambo lililogusa majina. Ukanda wa Kibara wa Katanga na ule wa kaskazini, walisema, umetenganishwa na miamba ya kale zaidi ya Ubende na Ruzizi. Kwa hiyo wa kaskazini, unaojumuisha Kivu, uitwe Karagwe-Ankole, na jina la Kibara libaki Katanga lilikotoka. Hata hivyo, mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2006 Joseph Kokonyangi na wenzake, Kampunzu akiwamo kati ya waandishi ingawa alikuwa amekwisha kufariki, waliitafsiri miamba ya Katanga yenye umri unaokaribiana sana na huo kuwa iliundwa pembezoni mwa bara, mahali ambapo bamba moja lilikuwa likizama chini ya jingine.

Kutokana na historia hii funzo moja hujitokeza. Umri si sababu. Namba 1,375 inakubaliwa na pande zote mbili, lakini mmoja huiona kama mvuto na mwingine kama msukumo. Saa ya zirkoni hutaja lini. Nini kilichotokea hutambuliwa kwa kuisoma saa hiyo pamoja na shinikizo lililorekodiwa na ganeti, asili ya matale, na mikunjo inayoonekana kwa macho mlimani.

6.0 Punje Isiyojua Mpaka

Mtu anaweza kuuliza mjadala huu unamhusu nini mkazi wa Masisi. Jibu limo ndani ya miamba yenyewe. Wakati wa tukio la miaka karibu bilioni moja iliyopita, maji ya mwisho ya matale, yaliyojaa madini adimu, yalipenya nyufa za miamba metamofiki na kuganda. Huko Rubaya, katika Masisi, yaliacha pegmatiti zenye koltani. Huko Bisie, katika Walikale, yaliacha madini ya bati ndani ya mwamba wa shisti. Hali ya hewa ya joto na mvua iliozesha pegmatiti nyingi zikawa udongo mweupe, ndiyo maana huchimbika kwa sururu na koleo.

Bati la Kivu na Maniema lilichimbwa na kampuni za Kibelgiji tangu enzi ya ukoloni. Mwaka 1976 kampuni hizo ziliunganishwa kuwa SOMINKI, ambayo haikupona tena baada ya bei ya bati kuanguka mwaka 1985. Wachimbaji wa mikono waliingia mahali pake. Bisie ilijulikana tangu mwaka 2002, na kwa miaka mingi mapato yake yaligombewa na wenye silaha. Kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, na maelfu ya familia zikakosa riziki kwa siku moja. Mwishoni mwa Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Septemba ya mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilielezwa kuwa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka hapo.

Katika hali hiyo, elimu ya umri wa miamba ilipewa kazi ambayo Holmes hakuiwazia. Karatasi ya mfuko wa koltani yaweza kubadilishwa njiani, lakini umri wa punje haubadiliki. Taasisi ya serikali ya Ujerumani ya sayansi ya ardhi, iliyoko Hannover, ilijenga mbinu ya kutambua asili ya koltani kwa umri wake na kwa mchanganyiko wa elementi ndogondogo zilizomo. Koltani ya Kivu na Rwanda kwa kawaida ina miaka kati ya milioni 930 na 990 hivi, na ile ya Gatumba, Rwanda, imepimwa ikawa na karibu miaka milioni 970. Koltani ya Msumbiji ni changa kuliko hiyo kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Anayedai kuwa mzigo wake umetoka Msumbiji, ilhali umetoka Kivu, anaweza kuumbuliwa na punje moja.

Lakini hapohapo ndipo mbinu hufikia ukingo wake. Masisi na Rwanda zimo katika ukanda mmoja wa miamba, nazo zilipata koltani yake katika tukio moja. Mpaka wa mwaka 1910 ulichorwa juu ya miamba iliyokuwa imekwisha kukunjwa miaka bilioni moja kabla yake. Umri peke yake hauwezi kusema kama punje ilichimbwa upande huu wa mpaka au upande ule. Hapo ni lazima kutegemea tofauti ndogo za kikemia baina ya mgodi na mgodi, na tofauti hizo hazina maana pasipo sampuli zilizochukuliwa kwa uaminifu kutoka kila mgodi. Sampuli hizo nazo hazipatikani pale ambapo mtafiti hawezi kufika kwa sababu ya vita.

Lipo pia suala la mahali elimu inapohifadhiwa. Kumbukumbu nyingi za jiolojia ya Kongo za enzi ya ukoloni, pamoja na sampuli za mawe, ziko Tervuren. Mashine zilizopima umri ziko Ulaya na Australia. Wachimbaji wa Rubaya, wanaoutambua mshipa wenye koltani kwa rangi ya udongo na uzito wa punje kiganjani, hawajaandikiwa jambo hili kwa lugha wanayoizungumza mgodini na sokoni, yaani Kiswahili. Kazi za akina Kampunzu, Rumvegeri na Kokonyangi zinaonyesha kuwa wasomi wa nchi yenyewe wameshiriki katika mjadala tangu zamani. Kilichopungua ni daraja kati ya maandishi yao, ya Kifaransa na Kiingereza, na masikio ya umma.

7.0 Hitimisho

Historia ya umri wa miamba ya Masisi na Walikale ni historia ya kurekebishana. Wapimaji wa kwanza walitoa majina, Cahen akatoa kalenda, wanajiolojia wa Lubumbashi wakatoa wazo la mgongano, na mashine za karne hii zikalitenganisha tukio moja kuwa mawili: joto la miaka milioni 1,375 iliyopita na mkunjo uliokaribia miaka bilioni moja. Hakuna aliyemfuta mwenziwe kabisa. Mgongano uliotafutwa katika tukio la kwanza umesogezwa na wengi kwenye la pili, na pengine haukutokea Kivu kwenyewe bali nguvu zake zilifika kutoka mbali.

Kwa upande wa lugha, mada hii yadhihirisha kuwa Kiswahili kinaweza kuibeba hoja ya namna hiyo. Maneno kama itale, ulanga, bati, risasi na gandadunia yapo tayari, na yaliyokopwa yamekubali kuvaa sauti za Kiswahili. Kinachobaki ni kuyatumia mbele ya watu ambao miamba hiyo ni ardhi ya shamba lao, ukuta wa shimo lao, na mara nyingine kaburi lao. Mchimbaji aingiaye shimoni asubuhi huko Masisi hugusa kwa mkono wake tukio la miaka bilioni moja. Ni haki yake kulijua.